Sehemu Aliyoifuta Sauti Kumi

Kazi ya Sauti Kumi ilikuwa kudanganya watu mchana kweupe, na watu walilipa kiingilio kuja kudanganywa. Sinema zilimfikia zikiwa zinaongea lugha za wenyewe. Zilipotoka chumbani kwake zilikuwa zinaongea Kiswahili, na kila aliyekuwamo alikuwa yeye. Yeye ndiye jambazi, yeye ndiye polisi anayemkimbiza, yeye ndiye mama wa jambazi anayelia mlangoni, na alipohitajika mbwa, alibweka. Mtaani walishalisahau jina alilopewa na wazazi wake. Hata karani wa shule, siku alipokwenda kuwaandikisha binti zake pacha, alianza kuandika "Sauti" kwenye nafasi ya jina la baba kabla ya kushtuka na kukata.

Chumba chake cha kurekodia kilikuwa nyuma ya kiwanda cha magodoro, kimebandikwa sponji ukutani kuzuia kelele za barabarani. Sponji ilikwisha kabla ya kufika ukuta wa pili, ule wa mbao nyembamba. Nyuma ya mbao hizo ndiyo ofisi ya mwenye kiwanda, ambaye pia ndiye mwenye vyumba vyote vya kupangisha pale. Watu walimwita Mzee Sponji, na mwenyewe aliitika. Alikuwa na sauti nzito yenye mkwaruzo, na hakumaliza jambo bila kuuliza, "Tumeelewana?" Mwaka uliopita Sauti Kumi alimpa muuaji mmoja wa kwenye sinema sauti hiyo hiyo, na tumeelewana yake. Ukumbi ulivunjika mbavu. Mzee Sponji naye alikuja kutazama, akacheka mpaka akafuta machozi, na mwezi uliofuata akapandisha kodi.

Kisha kiwanda kikaungua, ingawa moto haukufika ofisini wala vyumba vya kupangisha. Ilikuwa Jumanne, saa saba mchana, wafanyakazi wengine wakiwa wametoka kwenda kula. Wanawake watatu waliokuwa wakishona mifuko ya magodoro chumba cha nyuma hawakutoka, kwa sababu mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli kwa nje. Kabla ya jioni polisi walikuwa wamemkamata mlinzi. Walisema yeye ndiye aliyefunga, akaenda kula na ufunguo mfukoni. Mlinzi huyo alikuwa mdogo wake mke wa Sauti Kumi, wa tumbo moja, na kazi ile alitafutiwa na shemeji yake huyo huyo.

"Sijawahi kushika ufunguo ule, dada," alimwambia dada yake kupitia wavu wa mahabusu. "Walinipigia kelele wakiniita jina. Wote watatu. Niliponda kufuli kwa jiwe mpaka mikono ikatoka damu, halikuvunjika."

Dada huyo, Mama Pacha, alirudi nyumbani akakaa kwenye ngazi ya mlango, akashika tama. Mumewe hakuwa na sauti hata moja ya kumpoza.

*

Wiki moja baadaye Sauti Kumi alikuwa kazini, maana ukumbi haungoji mtu amalize msiba. Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Sinema mpya aliitazama mara ya kwanza huku maikrofoni ikiwa wazi, akisema lolote linalomjia, kwa kuwa aliamini mtu hushtuka kwa kweli mara moja tu. Mara ya pili anaigiza. Baadaye alisikiliza rekodi hiyo, akachagua mishtuko mizuri, ndipo akaanza kutafsiri.

Sinema ya siku hiyo ilimhusu karani mmoja aliyenasa sauti za wakubwa wakila njama, wakubwa wakamwinda mji mzima wamnyang'anye ushahidi. Sauti Kumi aliitazama amekaa ukingoni mwa kiti. "Usifungue mlango! Mungu wangu, huyu karani mjinga!" alipiga kelele peke yake. Baada ya chakula cha mchana alivaa hedifoni kusikiliza alichorekodi, akasikia watu ambao hawakuwamo kwenye sinema.

Walikuwa wakiongea Kiswahili, upande wa pili wa mbao.

"Kufuli uliweka wewe," mmoja alisema, kwa sauti nyembamba yenye mafua. Sauti Kumi aliitambua. Ni ya mkaguzi wa usalama viwandani, aliyekuja mara mbili kupima majivu.

"Niliweka kwa sababu walikuwa wananiibia vitambaa," ilijibu ile ya mkwaruzo. "Sasa sikiliza. Ripoti itasema ufunguo alikuwa nao mlinzi. Basi. Tumeelewana?"

Sauti Kumi aliirudisha rekodi mwanzo. Alisikiliza tena mara tatu, akalia, akacheka, akasimama kwenda polisi. Halafu akakaa.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mtu mwingine yeyote asingelifanya. Muuza mboga angekimbia polisi na rekodi ile ilivyo, na mishindo na makelele yake yote. Lakini Sauti Kumi hajawahi kutoa chumbani kitu kichafu. Alifikiria wapelelezi wamekaa wanasikiliza, akaona hawa nao ni watazamaji. Basi akaisafisha. Alipunguza muziki wa sinema. Aliondoa kila mahali sauti yake mwenyewe ilipofunika za wale, kwa kuwa ilikuwa aibu kusikika akimfokea karani wa sinema kwenye jambo la vifo. Aliondoa kikohozi na ukimya mrefu. Aliondoa pia kipande cha katikati ambamo wale wawili walitoka kwenye habari ya moto wakaingia mambo yao. Mwisho, akiwa ameridhika nafsini mwake, aliichukua sentensi ya ufunguo akaisogeza mwanzoni ili wasikilizaji wasichoke kungoja.

Kompyuta ikamwambia imejaa. Ilikuwa ikimwambia hivyo kila siku. Naye, kama kila siku, akafuta rekodi chafu akabaki na safi. Katika muda wa miaka tisa alikuwa ametafsiri sinema zisizohesabika ambamo shujaa hatoki nyumbani bila nakala mbili za ushahidi, na nyingi alizitia sauti vizuri sana.

*

Mama Pacha aliisikiliza jikoni, simu ya mumewe ameibana sikioni, mwiko ukiwa bado mkononi. Ilipokwisha alimkumbatia mumewe na mwiko wake.

"Anatoka," alisema. "Baba Pacha, mdogo wangu anatoka. Siku zote nilikuwa nawaambia watu mume wangu ana kazi, wananicheka. Waje sasa wacheke."

Kituoni, mpelelezi aliisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatabasamu. Akatoka, akarudi na wenzake watatu, mmoja na kikombe cha chai.

"Huyu ndiye yule," aliwaambia. "Bwana, hebu tufanyie Mzee Sponji."

"Afande, nimeleta ushahidi. Sikuja kuigiza."

"Tunajua. Tunapima tu."

"Aanze na mbwa," alisema mwenye chai. "Yule wa sinema ya magendo. Watoto wangu wanampenda sana yule mbwa."

Sauti Kumi aliwatazama mmoja mmoja. Akajiambia, wakifurahi watanisikiliza. Akabweka. Walicheka kwa moyo mweupe kabisa, hakuna aliyekusudia ubaya, na mmoja akamletea kiti. Akiwa amekaa kwenye kiti hicho, mpelelezi akamwambia rekodi itapelekwa kwa mtaalamu.

Mtaalamu alijibu baada ya siku kumi na mbili. Rekodi ilikuwa imekatwa mahali kumi na moja, na sentensi moja ilikuwa imehamishwa.

"Nipe ile yenyewe," alisema mpelelezi. Safari hii hakuwa anacheka.

"Ipi?"

"Ya mwanzo. Kabla hujaikata."

"Nilifuta."

Mpelelezi alifunga jalada taratibu. "Mzee, nakushauri kama ndugu. Mlinzi ni shemeji yako. Wewe kazi yako ni kuiga sauti. Umeniletea sauti imekatwakatwa, ya mwanzo huna. Mwingine angekufungulia kesi. Nenda nyumbani."

Habari haikukawia kumfikia Mzee Sponji. Sauti Kumi alipofika kazini asubuhi iliyofuata alikuta kompyuta, kiti na maikrofoni yake vimetolewa nje, vimepangwa kando ya mfereji vizuri kabisa, kama vya mtu aliyekufa. Mwenye nyumba alisimama mlangoni.

"Sina kinyongo na wewe," alisema. "Una familia. Ila sauti yangu nimezaliwa nayo, usiitumie kuniulia jina. Tumeelewana?"

Sauti Kumi aliitikia kwa kichwa, akainama kukusanya nyaya zake huku wapita njia wakitazama. Kuitikia kule kulimuuma kuliko kufukuzwa.

*

Mama Pacha hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa afadhali. Kwa wiki kadhaa aliweka chakula mezani, akamwita mumewe aje kula, akaongea na mabinti zake habari za shule. Jioni moja tu, akiwa anakunja nguo, ndipo ilipomtoka.

"Ilikuwa mkononi mwako. Ungeileta ilivyo. Hata mimi ambaye sijui kazi yako ningeileta ilivyo."

"Nilitaka isikike vizuri."

"Kwa nani? Ulitaka wakupigie makofi?"

Na hilo ndilo alilotaka.

Wakili aliyepewa mlinzi na mahakama alikuwa binti mdogo, mwenye mafaili mengi kuliko mikono. Aliwaambia wazi kwamba rekodi haitapokelewa. Lakini Sauti Kumi anaweza kupanda mwenyewe kizimbani aseme alichokisikia kwa masikio yake. "Mwendesha mashtaka atataka uige ile sauti mbele ya hakimu, ionekane rekodi uliitunga mwenyewe," alimwonya. "Nitapinga. Sijui kama nitafanikiwa." Miaka ambayo shemeji yake angefungwa kama akitiwa hatiani, alipoitaja, ilizidi umri wa pacha.

Siku moja kabla ya kesi, Mama Pacha alimpigia mumewe pasi shati jeupe. Aliongea bila kuinua macho.

"Kesho wakikuambia uige, uige vibaya."

"Nitakuwa nimekula kiapo."

"Najua."

"Mama Pacha, kila mtu ananijua."

"Hakimu hakujui. Sijawahi kukuomba kitu kwenye kazi yako. Hili tu." Aliipitisha pasi juu ya kola iliyokwisha kunyooka. "Kosa moja, Baba Pacha. Wewe hukosei. Kosea mara moja, kwa ajili ya mdogo wangu."

Akakubali.

*

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo na cha joto, madirisha yamefunguliwa, na benchi za nyuma zilijaa mpaka watu wakasimama. Ndugu wa marehemu watatu walikaa upande mmoja, wamevaa nyeusi. Mzee Sponji alikaa mstari wa mbele, kofia magotini. Pembeni yake, akiacha nafasi ya mtu mmoja katikati, alikaa mkaguzi, ambaye alishatoa ushahidi wake wiki iliyotangulia na ripoti yake kupokelewa. Alikuwa amekonda. Mlinzi alisimama kizimbani mwa washtakiwa kwa kandambili, akimtazama shemeji yake kama mtu anayetazama gari la mwisho.

Sauti Kumi aliapa. Akasimulia alivyosikia, tangu maikrofoni mpaka kufuli. Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliandika kwa mkono bila haraka.

Mwendesha mashtaka aliinuka. "Shahidi, unaitwa nani mtaani?"

"Sauti Kumi."

"Unaweza kuiga sauti ya bwana aliyekaa pale mbele?"

Wakili alisimama kupinga. Hakimu alifikiri, akasema swali linahusu uzito wa ushahidi, shahidi ajibu.

"Naweza kujaribu," alisema Sauti Kumi. Akajikohoza. Akatoa sauti ya kubana, ya mzee yeyote mwenye mafua: "Ripoti itasema ufunguo alikuwa nao mlinzi."

Benchi za nyuma ziliangua kicheko. Nusu yao walikuwa watazamaji wake. "Leo kalewa!" mtu alisema, na askari akamwamuru anyamaze. Mwendesha mashtaka hakucheka. Alitoa simu, akaiinua juu, na kutoka humo muuaji wa kwenye sinema ya mwaka jana akaunguruma kwa mkwaruzo usio na kasoro, "Leo utakufa. Tumeelewana?" Mzee Sponji alitikisa kichwa kwa masikitiko, kwa upole.

"Hiyo ni sauti ya nani?"

"Yangu."

"Na ile ya kwanza, uliyotupa sasa hivi chini ya kiapo, ilikuwa nini?"

Sauti Kumi alimtafuta mkewe kwa macho. Mama Pacha alikuwa ameinama. Sauti Kumi aliona haya, na hakujua ni haya kwa ajili ya mke, au ya mahakama, au ya wanawake watatu waliokuwa wameita jina la mtu mpaka mwisho. Alijua jambo moja tu, kwamba shemeji yake alikuwa anakwenda gerezani, na yeye ndiye aliyemfunga.

"Ilikuwa uongo, mheshimiwa," alimwambia hakimu. "Niliogopa. Naweza kuiga sauti ya Mzee pale. Naiga ya mwendesha mashtaka pia akitaka. Ndiyo maana haniamini mtu, na ninyi msiponiamini sitawalaumu. Rekodi niliikata mimi. Nilikata mambo ambayo niliona si ya moto. Naomba niyaseme, yaandikwe, kisha mnifanye mtakavyo."

"Yaseme," alisema hakimu.

Sauti Kumi alifumba macho, kama alivyozoea chumbani kwake. Ilipokuja, sauti haikutoka kifuani mwake bali kama inatoka mstari wa mbele, nzito, yenye mkwaruzo, ila ya chini, karibu ya huruma:

"Usilie. Mwanaume halii ofisini kwa mtu. Daktari nimeshaongea naye, Alhamisi mtoto anaingia chumba cha upasuaji. Moyo wa mtoto haungoji ripoti. Wewe weka saini tu, mengine niachie mimi. Tumeelewana?"

Akafumbua macho. Hakuna aliyecheka.

"Hicho ndicho nilichokata," alisema kwa sauti yake mwenyewe, ile ya kawaida, ambayo wengi pale hawakuwahi kuisikia. "Niliona ni kilio cha mtu na mtoto wake. Nikaona vibaya kukitembeza."

"Mheshimiwa, shahidi ameitunga sasa hivi mbele yetu," mwendesha mashtaka alisema. "Ndiyo kazi yake."

Lakini hakimu hakuwa anamtazama yeye. Mkaguzi alikuwa amesimama. Hakuna aliyemwita. Askari alimwambia akae, hakukaa. Mzee Sponji alinyoosha mkono akamshika koti, naye akautoa mkono ule taratibu, kidole kimoja baada ya kingine.

"Mke wangu mwenyewe hajui habari ya daktari," alisema kwa ile sauti yake nyembamba. "Nilimwambia ni msaada wa kazini."

Mwendesha mashtaka alifungua kinywa, hakimu akamwinulia kalamu anyamaze.

"Mtoto wako anaendeleaje, mkaguzi?"

"Aliingia Alhamisi ile, mheshimiwa. Hakutoka."

Mwanamke mmoja kwenye upande wa wenye nguo nyeusi alitoa sauti ndogo, akajiziba mdomo.

"Nimemzika na ripoti nimeiandika mimi," aliendelea mkaguzi. "Kila siku nikiamka nasema, ningeikataa angekufa kwa sababu yangu. Sasa amekufa hivyo hivyo. Kufuli aliliweka Mzee. Ufunguo ulikuwa kwenye droo ya meza yake, nimeushika kwa mkono huu. Huyu kijana hajawahi kuwa nao. Andikeni."

Hakimu aliandika. Alipomaliza aliahirisha kesi, akaamuru Mzee Sponji na mkaguzi wasitoke nje ya jengo mpaka polisi wachukue maelezo yao, na mlinzi apewe dhamana siku hiyo hiyo. Mlinzi hakuelewa. Ilibidi wakili amwambie mara mbili, na mara ya pili akakaa chini kizimbani. Mama Pacha alikuwa ameshapita katikati ya benchi, amemfikia, amemshika kichwa kwa mikono yote miwili kupitia mbao za kizimba, akimwita kwa jina la utotoni.

Sauti Kumi alibaki amesimama alipokuwa, hajui kama ameruhusiwa kushuka. Askari walimpitisha mkaguzi mbele yake. Yule bwana alisimama kidogo, wakamwachia.

"Maneno ya Mzee umeyasema yote," alisema. "Kilio changu hukukiiga."

"Hapana, kaka," alisema Sauti Kumi. "Kile siwezi kukiiga."

Mkaguzi alimpa mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi katika joto lile. "Ahsante," alisema, akaondoka na askari wake.